Mgongo Wangu na Mke wa Mtoto wa Ndugu Yangu

Mgongo ulinishika nikiwa katikati ya chai, mkono mmoja umejaa majani na mwingine ukitafuta pa kushika, na hapakuwa na pa kushika. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye matope. Mama watoto, aliyekuwa mstari wa pili, alidhani natafuta kitu nilichoangusha.

"Ukikiokota tuendelee," akasema. "Gari la majani halitakungoja."

Nikamwambia siwezi kusimama. Hapo ndipo alipoacha kuchuma.

Tangu siku hiyo uchungu ulikaa chini kabisa ya kiuno, ukashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kifundo, kama maji ya moto yaliyopata mfereji. Shamba letu ni dogo, upande huu wa Nyamira, na tunalichuma sisi wawili. Watoto walishakwenda zao. Chai haina huruma na mgonjwa. Usipoichuma kwa wakati inakuwa msitu, na kiwanda hakitaki majani yaliyokomaa. Jirani yangu wa chini aliliona hilo mapema kuliko mimi. Alikuja kunijulia hali, akaleta ndizi, na haki ni haki, zilikuwa ndizi nzuri. Kabla ya kuondoka akauliza, "Na shamba, utanikodisha kwa miaka mingapi?" Hakuuliza kama nitakodisha.

Uchungu niliuogopa, sikatai. Lakini nilichoogopa zaidi ni kuketi mlangoni nikimtazama mtu mwingine akichuma miche niliyoipanda na baba yangu.

Nilianzia Kisii mjini, hospitali ya watu binafsi. Daktari alikuwa mtu wa adabu. Alinipiga picha, akanionyesha pingili za mgongo wangu zikiwa nyeupe kama meno, akasema kitu laini kilicho katikati ya pingili mbili kimetoka nje kidogo na kinabana mshipa. Ningeweza kuchomwa sindano ya mgongoni, na isiposaidia nipasuliwe. Bei alipoitaja nilimwomba arudie, nikidhani na masikio yameanza kuugua. Simlaumu, huenda si yeye anayepanga bei. Ila nilipiga hesabu kichwani nikiwa bado nimelala kwenye kitanda chake, na njia ya kuipata pesa hiyo ilikuwa moja tu: kumkodishia jirani shamba. Yaani ili nipone nichume chai, kwanza niitoe chai.

Basi nikaanza kutafuta cha bei nafuu. Natamani kusema nilitafuta kwa akili, lakini nikikumbuka sioni akili iko wapi.

Pale Nyakoe, siku ya soko, kulikuwa na hema na spika inayopiga kelele kwamba kupimwa ni bure. Vijana wamevaa makoti meupe ya daktari, na kola ya yule aliyenihudumia ilikuwa nyeusi kwa jasho na vumbi, nyeusi ya kung'aa. Alinipa chuma nishike. Chuma kilikuwa na unyevu wa viganja vya walionitangulia, na nilikishika. Kompyuta ikalia, ikatoa karatasi ya magonjwa. Mgongo haukuwemo. Ilisema ini langu limechoka, damu yangu ni nzito, na kizazi changu hakiko katika hali nzuri ya kubeba mimba.

Nilimsomea kijana. Hakushtuka. "Mzee, hiyo sehemu ya chini usiisome," akasema. "Wewe soma ya juu." Kisha akanifungulia mkebe wa unga wa kunywa na bangili ya sumaku.

Sikununua, na ningependa kujisifu kwa hilo, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na pesa ya kutosha mfukoni. Ningekuwa nayo, sijui. Nilinawa mikono kwenye bomba la soko na nikaendelea kujisikia mchafu mpaka nyumbani.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyeniambia Sabato moja, baada ya ibada, kwamba hospitali ya serikali hapa Nyamira ina chumba cha mazoezi ya viungo na malipo yake ni madogo. Goti lake lilitulia huko. Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilisogea. Nilipoitwa niliingia huku nikianza kufungua vifungo vya shati, kama nilivyoambiwa na muuguzi wa mlangoni. Mtaalamu alikuwa amenipa mgongo, akinawa mikono. Akageuka.

Alikuwa mke wa mtoto wa ndugu yangu.

Kwa msomaji asiyetujua, nieleze. Mke wa mtoto wa ndugu yangu, kwetu, ni mke wa mtoto wangu. Siingii chumba anacholala. Hatupeani mkono. Hatutaniani. Hawezi kuniona nimevua shati, sembuse kufungua mkanda. Heshima hiyo ya kuoneana haya tunaiita chinsoni, na mtu anayeivunja hasemwi na majirani peke yao, anajisema mwenyewe usiku kucha. Nilijua msichana huyo anafanya kazi hospitali. Nilidhani ni Kisii, na nilidhani ni kazi ya mafaili.

Yeye aliinamisha macho. Mimi nilifunga kifungo.

"Tata," akasema, yaani baba, akiitazama sakafu, "kuna wenzangu Kisii. Naweza kukuandikia uende kwao."

"Si lazima," nikasema. "Nilikuwa napita tu."

Napita tu, ndani ya chumba cha mazoezi, nimeshika kiuno. Nilitoka upesi kadiri mguu ulivyoruhusu. Mama watoto alipopata habari alicheka kwanza, kisha akakasirika.

"Ungempa picha ya mgongo aitazame," akasema. "Picha haina haya."

Hilo sikuwa nimeliwaza.

"Na Kisii si alisema atakuandikia?"

Alisema. Sijui kwa nini sikukubali. Nafikiri niliona aibu imeshanifika, na nilitaka kuwa mbali na kila mtu anayefanya kazi hiyo.

Kwa hiyo nikaishia Keumbu, kwa muuza unga wa dawa. Wengi mnamjua wa namna yake hata kama si huyo. Anaketi kando ya barabara, ana ndoo ya unga wa kahawia, na wateja wake wamesimama kwa adabu kuliko wanavyosimama kanisani. Dozi ya kwanza unailamba hapo hapo. Kijiko kilikuwa kimoja. Aliyenitangulia alikuwa mzee asiye na meno, mwenye kikohozi. Alikilamba kijiko mpaka kikang'aa, muuzaji akakifuta kwenye suruali yake, akakichovya kwenye ndoo, akanipa.

"Usiangalie, meza," akasema. "Mgongo hauna macho."

Nilimeza. Unga ulikuwa mchungu juu na mtamu chini, na katikati yake kulikuwa na ladha nyingine ambayo haikuwa ya unga, ilikuwa ya mdomo wa yule mzee. Lakini lazima niwe mkweli hata kwa muuzaji yule: kabla sijafika nyumbani uchungu ulikuwa umepungua, na kesho yake ulikuwa umekwisha. Nilichuma chai siku hiyo. Nilichuma wiki hiyo na iliyofuata. Jirani alinisalimia kwa mbali, hakuja.

Nilimsifu muuzaji kwa watu. Nilimsifu hata kwa yule mzee wa kanisa, nikamwambia aachane na mazoezi.

Kisha uso wangu ukaanza kujaa. Mashavu yakawa ya duara, macho madogo. Watu wakasema nimenawiri. Tumbo likaanza kuniuma kila nikila, na siku moja chooni niliona nilichotoa kimekuwa cheusi kama lami, na harufu yake sikuwahi kuinusa kwa kiumbe aliye hai. Nilikaa pale chooni nikihisi kichefuchefu kwa mwili wangu mwenyewe. Mama watoto hakunipa nafasi ya kubishana. Alinipeleka hospitali usoni mwangu kukiwa hakuna hata damu.

Daktari wa zamu aliuliza nimekuwa nikinywa nini. Nilimpa pakiti. Alinusa, akamwaga kidogo kwenye karatasi, akanionyesha chembe nyeupe ndani ya kahawia. Alisema hawezi kuapa bila kupima, ila mengi aliyoyaona yanafanana: vidonge vya maumivu na vile vya kupunguza uvimbe husagwa, vikachanganywa na majani yoyote. Ndiyo maana vinafanya kazi. Ndiyo maana tumbo linatoka damu. Akaonya pia nisikatize ghafla peke yangu, akanipa dawa za kupunguza taratibu na za tumbo. Sikuweza kuuchukia kama uwongo mtupu, kwa sababu haukuwa mtupu. Yule mtu alinitibu na kunitia sumu kwa kijiko kimoja, na alilijua la pili au hakulijua, mimi sijui. Nikimfikiria mpaka leo natema mate.

Unga ulipoisha mwilini, mgongo ukarudi wote, na mguu juu yake. Chai ikaanza kurefuka. Jirani akaja tena, bila ndizi.

"Wewe ni ndugu yangu," akasema. "Sitaki kukuharakisha. Lakini nikianza kupogoa sasa, mvua itanikuta tayari."

Nikamwambia anipe mpaka mwisho wa mwezi. Mama watoto alikuwa ndani, alisikia. Asubuhi akasema, "Leo ni siku ya kuchuma, mimi siwezi kuiacha ili nikushike mkono. Wewe nenda kwa yule msichana. Ukirudi na kifungo kilichofungwa, umkaribishe jirani mwenyewe, mimi nisiwepo."

Nilikwenda. Niliketi kwenye benchi la nje ya chumba, nimeinama, nikiwa na picha ya mgongo kwenye bahasha yake kubwa. Nia yangu ilikuwa kumpa picha tu na kuomba ile barua ya Kisii, ingawa nauli ya kwenda na kurudi kila wiki sikujua itatoka wapi. Kando yangu aliketi mama mmoja mnene, mtu wa kando ya ziwa, anauza samaki Nyamira mjini. Magoti yake yalikuwa yamefungwa bandeji. Aliitwa, akaingia, akatoka, mimi bado nimeketi. Nilikuwa nawapisha watu.

"Mzee, foleni yako imelala?" akaniuliza.

Nikasema napumzika.

"Hapa si hoteli." Akanitazama vizuri. "Unaogopa sindano? Hakuna sindano humo. Yule msichana mikono yake ni mizuri sana."

Hapo ndipo nilipoteleza. Nikasema, "Ni mke wa mtoto wangu."

Yeye si wa kwetu lakini ameuza samaki kati yetu kwa muda wa kutosha. Kisha akaanza kucheka bila sauti, tumbo likitikisika.

"Sasa wewe utakufa na mgongo wako kwa sababu ya adabu?"

"Nitaomba barua ya Kisii."

"Barua." Akasimama, akaguna kwa maumivu ya goti, akafungua mlango bila kubisha. "Daktari, baba mkwe wako yuko hapa nje anaoza. Mimi si wa ukoo wenu. Niambie nimshike wapi."

Ningekuwa na miguu miwili mizima ningekimbia. Nikamsikia msichana akisema polepole kwamba haifai, huwezi kufanyiwa matibabu na mgonjwa mwenzako. Kisha akasema kwamba mikono yenye kutibu si lazima, cha lazima ni maswali na mazoezi, na maswali anaweza kuyauliza akiwa upande wa pili wa pazia. Kama tata amekubali. Akauliza mara mbili kama tata amekubali mama huyo awepo.

Nilikubali. Sijui aliyesema ndiyo alikuwa nani.

Nililala kifudifudi kwenye godoro la plastiki. Lilikuwa limepanguswa, niliona akilipangusa, lakini chini ya harufu ya dawa kulikuwa na jasho la migongo mingine yote, na pua yangu ilikuwa hapo hapo. Shati lilipandishwa na mama wa samaki. Alikuwa amenawa kwa sabuni ya hospitali mbele yangu, na bado mikono yake ilinuka omena. Msichana alikuwa nyuma ya pazia la kijani na picha yangu ameielekeza dirishani.

"Mama, muulize tata kama haja ndogo inatoka bila shida."

"Mzee, unakojoa vizuri?"

Aliuliza kwa sauti ya sokoni. Nje benchi lote lilinyamaza.

"Vizuri," nikasema kwenye godoro.

"Amesema vizuri."

"Nimesikia," akasema msichana. "Muulize kama kuna ganzi mahali anapokalia. Ni muhimu sana, mama, muulize sawasawa."

"Anauliza kama matako yako yamelala."

Nyuma ya pazia kulikuwa na kikohozi kirefu. Nilijibu kwamba hayajalala. Nilitamani godoro linimeze, hata lile, na uchafu wake.

"Nyinyi watu wa milimani," akasema mama wa samaki, "kwa kuoneana haya hivi, watoto mnawapataje?"

Msichana alieleza, sauti yake ikiwa imara kama ya mwalimu, kwamba kama mkojo hauna shida, ganzi hiyo haipo, na mguu bado una nguvu, basi kwa sasa hakuna haraka ya kisu. Migongo mingi ya namna hii hutulia kwa muda na mazoezi. Dalili hizo zikitokea, nije hospitali siku hiyo hiyo, nisingoje. Akaniambia niweke viganja chini ya mabega, ninyooshe mikono, niinue kifua huku kiuno kikibaki chini. Uchungu ukipanda kutoka mguuni kuja kiunoni, hata ukiongezeka kiunoni, ni njia nzuri. Ukishuka mguuni, niache.

Niliinua. Uliuma hadi nikatoa sauti ambayo mtu hatakiwi kuitoa karibu na mke wa mwanawe.

"Umepanda au umeshuka?" akauliza mama wa samaki.

Nilisikiliza. Kifundo kilikuwa kimya. "Umepanda."

"Daktari, umepanda," akasema, akanipiga bega kama aliyeuza kikapu kizima.

Nilipokuwa nikifunga vifungo, msichana alisema bila kufungua pazia, "Tata, kikapu cha chai kisining'inie nyuma peke yake, ukikaze karibu na mwili. Na upumzishe kiuno kabla hakijakuambia." Ndilo neno pekee aliloniambia mimi moja kwa moja. Nje, benchi lote lilitazama miguu yake lenyewe. Nilichomlipa karani dirishani kilikuwa kidogo mno nikahisi nimeiba.

Nimeyafanya mazoezi hayo kila siku, na nayachukia. Hakuna njia ya heshima ya kuyafanya. Ndani ya nyumba nafasi ni ndogo, kwa hiyo nafanyia nyuma ya jiko, juu ya gunia, mahali ambapo kuku wanapita, na kila ninaposhusha kifua pua inakutana na walichokiacha. Wakati mwingine najiona kwa mbali, mtu mzima ananyanyuka na kushuka kama mjusi ukutani, na nachefuka. Nafuu haikuja kama ile ya unga. Ilikuja kwa uchoyo, leo kidogo, kesho ikarudi nyuma. Mguu ulinyamaza kwanza. Kiuno bado kinanisema jioni. Nilirudi kwa yule mzee wa kanisa nikamwambia asiache mazoezi yake, akanijibu kwamba hakuwahi kuyaacha, aliona uso wangu.

Mwisho wa mwezi ulipofika nilikuwa kwenye gunia, katikati ya kuinua. Niliona viatu vya mpira vya jirani vimesimama mbele ya macho yangu, vina matope ya shamba lake na pengine ya langu, kwa maana kulifikia jiko letu kutokea chini ni lazima ukate katikati ya chai.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Najitibu."

Alisimama akinitazama. Nilijua kinavyoonekana kitu hicho kutoka juu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechuma mistari minne, mama watoto kumi na moja.

"Nimekuja kwa lile neno letu," akasema.

Nilishusha kifua mpaka chini, harufu ya kuku ikanijaa kooni, nikainua tena.

"Shamba halikodishwi," nikamwambia. "Na urudi kwa njia ya barabara, umenikanyagia machipukizi."